Ushindi wa Mama ni Deni la Binti

Hivi karibuni nilialikwa kwenye mjadala wa wanawake jijini Dar es Salaam. Vijana wa vyuo walijaa ukumbini, na sisi wenye mvi tukapangiwa viti vya mbele. Binti mmoja anayesomea sheria alisimama akasema kizazi chake kimelazimika kuanza upya, kwa kuwa waliotangulia hawakuacha kitu zaidi ya semina na makablasha. Mama mmoja wa rika langu alimjibu hapohapo. Alisema wanaharakati wa siku hizi wanapigania haki kwenye simu, na hawajawahi kukesha kituo cha polisi wakisubiri mwanamke aliyepigwa aandikiwe PF3 ili akatibiwe.

Niliondoka pale na uchungu, kwa sababu nimeishi na pande zote mbili za ugomvi huo. Nimelelewa na wanawake walionunua kadi za chama na kufundishana kusoma jioni baada ya kutoka shambani. Nimefanya kazi na wanawake walioandika magazeti na kushinda mahakamani. Sasa ninasaidiwa na mabinti ambao wakichapisha ujumbe usiku, asubuhi nchi nzima inaujadili. Ninachokiona ni mlolongo mmoja. Kila kizazi kilishinda jambo fulani na kikaacha tundu, na waliofuata wakaja kuliziba tundu hilo. Tatizo letu ni kwamba hatusimuliani. Basi nami nisimulie sehemu niliyoishuhudia.

Nilizaliwa Muleba, katika mkoa ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa chini ya mti nyuma ya nyumba yetu na kugawa kibanja: migomba, mibuni, mpaka kisehemu cha maharage. Mama hakuitwa. Baadaye baba mdogo alikuja na karatasi, akamwonyesha pa kuweka dole gumba, naye akaweka. Siku zile hatukujua kwamba desturi ile ilikuwa imeandikwa na Serikali katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililosema kwamba mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mtunzaji wa mama yangu, kwa hesabu hiyo, alikuwa mdogo wangu wa kiume ambaye bado hajaanza shule.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na moto huo ulifika hadi kijijini kwetu. Darasa la wanawake lilisimamiwa na akina mama wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT. Walikutana alasiri, watoto wachanga migongoni, mikono bado ina udongo. Mama alihudhuria kwa haya, akijificha nyuma. Alipoweza kusoma sentensi nzima, alikwenda kwa baba mdogo kumwomba ile karatasi. Aliisoma polepole, kwa sauti, mbele ya mkewe na watoto wao. Ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake, amekabidhi kibanja chote kwa shemeji yake na hatadai tena. Mama akauliza, "Shemeji, maneno haya niliyasema lini?"

Kibanja hakikurudi. Ila wazee waliitwa tena, na safari hii mama aliketi nao. Walimwachia migomba ya kuzunguka nyumba, na fedha ya kahawa ya mistari miwili ya mibuni kila msimu kwa ajili ya ada yetu. Mimi nimesoma kwa mibuni hiyo. Ninaposikia mtu anaibeza UWT ya zamani kwamba ilikuwa ya kupokea wageni kwa nyimbo na kupika kwenye mikutano, nawakumbuka akina mama wale wawili waliokuwa wakishika chaki. Hawakulitamka neno ufeministi hata siku moja. Waliwapa wanawake uwezo wa kusoma karatasi kabla ya kuiwekea dole, na tangu nilipoanza kuwashauri wanawake wengine, hilo limekuwa somo langu la kwanza kwa kila anayekuja.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuja Dar es Salaam kusomea upiga chapa, nikapanga chumba Ilala katika nyumba ya bibi mmoja Mzaramo. Jioni alikaa barazani akisuka ukili, na mimi nilikaa naye kwa sababu chumbani kulikuwa na joto. Huyu bibi alikuwa mwana wa ngoma ya lelemama ujanani. Ndiye aliyenieleza jinsi TANU ilivyoingia kwa wanawake wa mji huu mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipoanza kukiongoza kitengo cha wanawake cha chama.

"Mwanangu," aliniambia, "chama kilikuwa na viongozi, watu wako kwenye ngoma. Titi akatufuata kwenye ngoma."

Wanaume wengi wenye elimu walikuwa watumishi wa serikali ya kikoloni, na watumishi walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Wanawake wa mjini hawakuwa na ajira ya kupoteza. Walikuwa na vikundi vya ngoma vyenye viongozi, michango, sare na mtandao wa harusi na misiba uliopita nyumba kwa nyumba. Bibi Titi, mwimbaji aliyejulikana mjini, aliutumia mtandao huo, na wanawake wakanunua kadi kwa maelfu. Bibi yule alikuwa ameficha kadi yake na ya mumewe ndani ya mto wa kulalia. Aliuza maandazi, akatoa senti za nauli za viongozi waliokwenda mikoani.

Lakini pia aliniambia jambo ambalo halikuwa kwenye vitabu vyetu vya shule. Baada ya uhuru, nafasi zilipogawanywa, wengi wa wanawake wale walionekana hawana elimu ya kutosha. Bibi Titi mwenyewe alipanda hadi kuwa naibu waziri, kisha akagombana na wenzake, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha na kuachiwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa kunong'ona. Leo kuna barabara kubwa katikati ya jiji inayoitwa kwa jina lake, na mabinti wengi wanaipita kwa daladala bila kuambiwa alikuwa nani. Niliwahi kumwuliza bibi kama alijuta. Akasema hajutii uhuru, anajuta kwamba hakuna aliyekuja kuwauliza na kuandika. Nilijifunza kwamba harakati ambayo haiandikwi hupokonywa wenyewe, hata kama walishinda.

Nilipoanza kazi ya upiga chapa katika ofisi moja ya mjini, nilikutana na vita vya namna nyingine. Bosi mmoja alikuwa na desturi ya kuwabakiza wapiga chapa wapya baada ya saa za kazi. Aliyekubali alithibitishwa kazini, aliyekataa alihamishiwa stoo au mkataba wake ulikwisha. Wote tulijua, wakubwa walijua. Kulikuwa na sheria dhidi ya hongo ya fedha, ila hapakuwa na kifungu kinachosema kwamba kumdai mwanamke mwili wake ili apate haki yake ni rushwa. Dada mmoja aliyekuwa akikaa meza ya jirani yangu aliacha kazi bila kuaga. Tuliambiwa amepata kazi kwingine.

Ndipo mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake walipoanzisha TAMWA. Tulizijua sauti za baadhi yao kupitia redio, kama Edda Sanga wa Redio Tanzania Dar es Salaam, lakini sasa walikuwa wakizungumza mambo ambayo redio haikuwa ikiyasema: vipigo vya majumbani, ubakaji, mimba za wanafunzi, wakubwa wa ofisini. Walianzisha jarida wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, mtoto wa mafukara ambaye aliimba hadharani habari za wanyonge na wanawake waliodhulumiwa. Nilipoliona jina hilo nilimkumbuka bibi wa Ilala na ngoma zake. Wasomi wenye kalamu walikuwa wamerudi kwa mwimbaji kuchukua jina.

Toleo moja la jarida lile tulilisoma ofisini kwa zamu mpaka likachanika mkunjo. Hatukuwa na ujasiri wa kwenda kushtaki, na hapakuwa na pa kushtaki. Lakini tuliacha kuonana kama washindani wa cheo. Mpiga chapa mpya alipofika, tulimketisha, tukamwambia nani ni nani, na mmoja wetu alibaki naye jioni mpaka akamaliza kazi wakatoka pamoja. Kifungu cha rushwa ya ngono kilikuja katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, baada ya miaka ishirini. Mabinti wanaoweka ushahidi hadharani leo, wakiwataja wahadhiri na mameneja, wanatumia kifungu ambacho sisi hatukuwa nacho. Wakati huo huo, sisi tulikuwa na kitu wanachokihitaji: kusindikizana.

Mwaka 1990 ilitokea habari iliyonigusa kuliko zote, kwa sababu ilitoka kwetu. Mwanamke mzee wa Muleba, Holaria Pastory, alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipoona amezeeka na hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, na akashinda. Mahakama ya Wilaya ikamrudishia mama yule haki yake. Mpwa akakata rufaa Mwanza, na huko Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, ambayo tangu mwaka 1984 ilikuwa na hati ya haki za binadamu, na kinyume pia na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia. Mwanamke anaweza kurithi na kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume.

Nilikata habari ile gazetini, na likizo ilipofika niliipeleka kijijini kwa shangazi yangu. Shangazi alikuwa ameachika bila mtoto, akarudi nyumbani na kupewa kipande cha kulima mpaka atakapokufa. Alikuwa na maradhi ya miguu, na matibabu ya Bukoba yalihitaji fedha. Nilimsomea. Alinyamaza kitambo, kisha akataka kujua jambo moja tu: "Huyo mwanamke ana umri gani?" Nilipomwambia ni mzee kama yeye, alicheka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alikuwa akidhani walioshinda kesi kubwa ni wanawake wa mjini wenye shahada.

Kulipokucha tulikwenda na kile kipande cha gazeti kwa kiongozi mmoja wa pale. Alikisoma, akakirudisha, akasema hiyo ni hukumu ya Mwanza, hapa tuna mila. Tulikwenda kwa wazee wa ukoo, wakasema gazeti haligawi ardhi. Shangazi hakuuza kama alivyotaka. Baada ya mabishano ya miezi kadhaa, ndugu mmoja wa ukoo alimpa fedha ya matibabu na kukichukua kile kipande kwa bei ambayo mgeni asingethubutu kuitaja. Hata hivyo wazee waliogopa kwenda mahakamani, na kuogopa kwao kulitokana na mwanamke wa kijiji cha jirani aliyekataa kunyamaza. Nilielewa kwamba hukumu ina nguvu pale inapofika mkononi mwa mtu anayeijua, mbele ya kiongozi anayelazimika kuitii. Katikati ya Mwanza na kile kijiji palihitajika watu wa kuibeba.

Hiyo ndiyo sababu nilijiunga na mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Miaka ile vyama vilikuwa vinazaliwa. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kilikuwa kimeanza, na Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ukafuata mwaka 1993. Mwaka 1995 Gertrude Mongella, Mtanzania mwenzetu, alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing, na wanawake wa kata yetu waliufuatilia mkutano huo redioni. Sisi wasaidizi wa kisheria tulipewa meza na benchi kwenye kona ya ofisi ya kata. Hatukulipwa, na sheria haikututambua rasmi hadi ilipopitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017.

Mashauri mengi yaliyotufikia yalikuwa ya mali ya ndoa. Mwanamke anafika na mfuko wa plastiki wenye cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto. Amepika na kufua, amewalea wazazi wa mume hadi wakazikwa, amesimamia mafundi waliojenga nyumba, na sasa ameambiwa atoke kwa sababu hana risiti hata moja yenye jina lake. Kwa kesi kama hiyo tulikuwa na silaha. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikuwa imeamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, kwa kuwa mahakama iliona fedha aliyokwisha kupewa na mumewe inatosha. Yeye alikosa, na wanawake wengi nchini wakapata kwa jina lake. Kila niliposaidia kuandika madai ya mwanamke mwingine, nilimtaja kwanza.

Sheria hiyo ya Ndoa ilitungwa mwaka 1971. Ilikusanya ndoa za dini, za mila na za kiserikali chini ya paa moja, ikatamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, ikampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Akina mama wa UWT wa kata yetu waliijua kama kazi ya rika lao, na walituangalia sisi wa benchi kwa mashaka. Walisema tunavunja nyumba za watu. Tulibishana nao sana. Lakini mwanamke alipotupwa nje usiku na watoto, na sisi hatuna makazi ya kumpeleka, aliyefungua mlango alikuwa mmoja wa mama hao hao. Alimpa kitanga, akampa chai, na asubuhi alivaa kanga zake akaenda mwenyewe kumkabili mume. Sisi tulikuwa na vifungu. Yeye alikuwa na heshima ya mtaa, na mume yule alimwogopa yeye kuliko vifungu vyetu. Toka siku hiyo nikawa siamini kwamba njia moja pekee inatosha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nguvu zilielekezwa kwenye ardhi. Vyama vya wanawake viliungana kudai sauti yao isikike, na mwaka 1999 zikapitishwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Zilitamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haitatumika. Baraza la Ardhi la Kijiji likawekewa wajumbe saba, watatu kati yao wanawake.

Nilirudi Muleba na wenzangu kuieleza sheria hiyo. Katika kijiji kimoja tulikuta baraza limeshachaguliwa kama inavyotakiwa. Wajumbe wanawake watatu walikaa pembeni kwenye mkeka, wanaume kwenye viti, na shauri zima la mpaka wa mjane likaendeshwa bila mmoja wao kuulizwa neno. Mwenzangu, kijana kuliko mimi, hakuvumilia. Alinyanyuka akamwuliza mwenyekiti kwa adabu kwa nini wajumbe wengine hawajatoa maoni. Kimya kikapita. Kisha mama mmoja kati ya wale watatu akasema mpaka ule anaujua, aliupanda yeye na marehemu mume wa mjane, kwa mikono yao, na mti unaotajwa hauko pale unapodaiwa kuwa. Shauri likageuka. Idadi ilimfikisha kwenye mkeka, swali la mtu mmoja likampa sauti. Watu wanaosema viti vya wanawake ni pambo wangeiona alasiri ile, na wanaodhani kiti peke yake kinatosha wangeiona pia.

Tundu la sheria za 1999 tulilitambua mapema. Zilisema mwanamke ana haki sawa ya ardhi, lakini ardhi nyingi vijijini haipatikani kwa kununua, hupatikana kwa kurithi, na mirathi ya kimila ikabaki chini ya lile Tangazo la 1963 lililomnyima mama yangu. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa kwa dosari ya nyaraka. Hawakuchoka. Walifika hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, na mwaka 2015 Kamati hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki zao na inapaswa kuzirekebisha sheria hizo. Wanawake wale hawakuwa na cheo. Walitaka nyumba walizoishi na waume zao.

Halafu likaja shauri lililotugawa sisi wenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971, ile tuliyoitegemea benchini, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, huku umri wa kawaida wa mvulana ukiwa 18. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alifungua shauri la kikatiba. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Baadhi ya akina mama wa rika la juu yangu walijisikia kutukanwa. Mmoja aliniambia, "Ile sheria tuliipigania, leo mtoto anaipeleka mahakamani kama mwizi." Nilimwelewa. Lakini mimi niliwahi kumwona, kwenye benchi letu la kata, binti wa miaka 15 mwenye mtoto mgongoni na alama za mkanda shingoni, ambaye ndoa yake ilikuwa halali kwa kila karatasi. Sheria ya 1971 ilimlinda asipigwe, na haikumlinda asiolewe. Nilimwambia yule mama kwamba binti aliyekwenda mahakamani hakuivunja kazi yao. Aliweza kudai miaka 18 kwa sababu wao walishafanya ikubalike kwamba ndoa ni jambo la sheria, si la ukoo peke yake. Na bado kazi haijakwisha: hadi mwaka 2024, miaka mitano baada ya hukumu ya mwisho, Bunge lilikuwa bado halijavibadilisha vifungu vile.

Mwaka 2021 nilishuhudia katika familia yangu kitu ambacho mama yangu asingekiamini. Binti wa mpwa wangu alikuwa amepata mimba akiwa kidato cha pili na kuondolewa shule, kama walivyoondolewa wasichana wengi tangu nikiwa mwanafunzi. Mwezi Novemba Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wanaojifungua wataruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Habari hiyo aliipata kwenye kundi la WhatsApp kabla redio haijaisema. Mabinti wa kundi hilo, ambao hawajawahi kukutana, walimwandikia barua ya kuombea nafasi, wakamchangia sare na nauli, wakamweleza aseme nini akizungushwa. Mlolongo ule ule wa lelemama, michango na kusindikizana, niliuona unatembea ndani ya simu. Mama wa rika langu anayesema hawa wanapigana kwa vidole hajayaona hayo. Na binti anayesema anaanza upya hajaambiwa kwamba kampeni za kuwarudisha wasichana shuleni ziliandikwa, zikahubiriwa na kukataliwa miaka mingi kabla yeye hajazaliwa.

Wanawake hawa wote wamenifundisha jambo moja. Haki ya mwanamke haikupatikana kwa zamu moja, na hakuna kizazi kilichopewa yote. Waliopigania uhuru waliacha wanawake wasiosoma, waliowafundisha kusoma wakaacha sheria za mila, na walioandika sheria mpya wakaacha mirathi na umri wa ndoa. Ukilijua hilo, huwezi kumdharau aliyetangulia kwa alichokiacha, wala kumkasirikia anayekuja akikirekebisha.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wenye mvi: tusimulie, na tuandike majina ya waliofanya kazi wakasahauliwa. Tukialikwa kwenye mijadala, tuwape mabinti nyaraka zetu, mawasiliano yetu na viti vyetu, na tukubali sheria tulizozipigania zikipimwa upya. Nanyi mabinti, kabla ya kusema hakuna aliyefanya kitu, mwulizeni bibi yenu alinunua kadi gani, alijifunza kusoma wapi, na nani alichukua shamba la babu yenu alipofariki. Majibu yake ni ushahidi mtakaouhitaji. Kazi ya kizazi chenu iko wazi: vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa virekebishwe, na mirathi ya mwaka 1963 iondolewe katika sheria za nchi hii, ili mjane yeyote asipangiwe tena kutunzwa na mtoto ambaye hajaanza shule.